Koti la Marehemu Lapanda Ghorofani

Kama hukunisoma wiki jana, usihangaike kumwomba jirani gazeti lake, keshalitumia kufungia vitu. Nitakueleza mwenyewe kwa kifupi, na sitajipamba.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa mapacha, mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno, na mwenyewe ni mgonjwa wa mitumba. Wengine wanaugua sukari. Mimi nikikaa siku nne bila kutia mkono kwenye rundo la nguo, vidole vinaniwasha.

Wiki tatu zilizopita nililiona gauni la kijani kwenye meza ya Bi Chagua. Huyu jina lake la kweli nadhani hata mumewe amelisahau, kwa jinsi anavyoita "chagua, chagua" kutwa nzima. Siku hiyo sikuwa na kitu mkononi. Akaniambia nilete nguo yoyote nzito ya kiume, tubadilishane.

Nikarudi nyumbani, nikafungua kabati, nikasukuma mashati ya mume wangu pembeni. Kule mwisho kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, nikakutana na koti la baba mkwe. Marehemu. Lilikuwa limening'inia pale miaka minne bila mtu kulijulia hali.

Nikajiambia, marehemu hatalihitaji.

Na kweli hakulihitaji. Aliyelihitaji ni mama mkwe. Jumapili alitangaza mezani, mbele ya wanawe wote, kwamba Jumamosi hii anatimiza miaka sabini, mpiga picha ameshaitwa, na mwanawe mkubwa, yaani mume wangu, atasimama nyuma ya kiti chake akiwa amevaa koti la baba yake.

Mume wangu akainamia sahani yake. Mimi nikapaliwa na maji. Hapo ndipo mimi na wewe msomaji tulipoachana wiki jana.

Sasa sikiliza ya Alhamisi.

Saa nne asubuhi simu ya kliniki ililia. Nikaipokea kwa ile sauti yangu ya kazini, iliyopigwa pasi.

"Kliniki ya meno, karibu."

"Mkwe."

Nikasimama. Mama mkwe hata akiwa kwenye simu mimi humsimamia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Koti la mzee umeshalipiga pasi?"

"Liko kwa dobi, mama."

"Dobi gani?"

Mbele yangu ukutani palikuwa na picha kubwa ya taya. "Yule mwenye pengo, mama. Wa karibu na kwetu."

"Haya. Mwambie asiiunguze kola." Akakata.

Nilikaa nikajifuta jasho. Kisha nikaenda kwa daktari kuomba ruhusa. Mtu ukishaanza uongo, ulimi unateleza wenyewe, kwa hiyo nikamwambia jambo la kwanza lililonijia.

"Daktari, jino linaniuma vibaya sana. Naomba nitoke kidogo."

Akavaa glavu. "Keti hapo kwenye kiti, fungua mdomo."

Ndipo nikakumbuka nafanya kazi wapi.

Niliketi robo saa taa ikinipiga usoni. Aligonga meno yangu moja moja, akatikisa kichwa, akasema sijambo kabisa. Kisha akaniangalia kwa muda. "Kama una shida zako, sema una shida zako. Rudi kesho."

Mzee wa watu. Nilitoka kwa aibu, lakini nilitoka.

Bi Chagua alikuwa amesimama juu ya kigoda, kazungukwa na suruali mpaka magotini.

"Bi Chagua, lile koti."

"Koti gani, mwanangu? Leo nina makoti arobaini, kesho nitakuwa na sitini."

"La kijivu. Vifungo vya shaba. Ndani bitana ina kiraka cha manjano."

"Lile tulilobadilishana na gauni hilo ulilovaa?"

Ndiyo, nilikuwa nimelivaa. Usinihukumu. Lilikuwa limenikaa.

"Hilohilo."

"Lile halikulala hapa hata usiku mmoja. Kuna binti huja kila Jumanne na daftari. Hataki kipya wala kinachong'aa. Anataka kilichochoka kwa heshima."

"Anakipeleka wapi?"

"Jumba la maduka, ghorofa ya pili. Wanakifua, wanakitundika peke yake kama mwali. Hapa kwangu kinaitwa mtumba. Kikishapanda ile ngazi ya umeme, kinaitwa cha kale."

"Na roho haikuumi?"

"Iliniuma. Nikampandishia bei, ikapoa." Akashuka kwenye kigoda. "Sasa mbona unalitafuta? Uliniambia ni la mjomba aliyehama."

"Si la mjomba."

"La nani?"

"La baba mkwe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alishafariki."

Bi Chagua akaiweka chini suruali aliyokuwa ameshika. Akanitazama kuanzia kwenye kola ya gauni la kijani mpaka kwenye pindo, na kurudi juu.

"Kwa hiyo ulimvua marehemu ukajivika wewe."

"Bi Chagua, usiliweke hivyo."

"Niliweke vipi, mwanangu? Niambie nami nijifunze."

Yeye akanisogelea, akanishika kiwiko, na sauti ikabadilika, ikawa ya mwalimu wa biashara.

"Nenda sasa hivi. Ukifika, usioneshe kwamba unalitaka. Shika kingine kwanza, kikunjie pua, ndipo uliguse hilo kama bahati mbaya. Nguo ikijua inatakiwa, inapanda."

Jumba la maduka nalijua kuliko ninavyojua jiko langu. Na kwa kuwa huku ni kukiri, acha nikiri lote. Huwa naenda kutembea tu. Najaribu viatu nisivyonunua. Nalala kwenye vitanda vya duka la samani, nafumba macho, nahesabu mpaka hamsini. Kwenye meza ya manukato najipulizia mkono wa kulia waridi, wa kushoto ndimu, halafu narudi nyumbani mume wangu ananiuliza nimepitia bustani gani. Wauzaji wakiniona siku hizi wanavifunga vizibo.

Mlinzi wa mlangoni akapitisha kifaa chake kiunoni kwangu, kikalia.

"Ni vifungo vya gauni," nikamwambia.

"Kila wiki ni vifungo," akasema, akanipisha.

Ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi, kati ya duka la miwani na duka la mishumaa, ndipo nilipoliona. Ukitaka kujua namna moyo unavyoweza kuanguka na bado ukaendelea kutembea, niulize mimi.

Koti lilikuwa kwenye kioo cha mbele cha duka. Limevalishwa sanamu lisilo na kichwa, taa tatu zikilimulika. Vifungo vimesuguliwa mpaka vinakonyeza. Na mabega yale, jamani. Baba mkwe alikuwa na bega moja chini kidogo ya jingine, na koti lilikuwa limeshika vilevile, kama kwamba mzee bado yumo ndani anasubiri aitwe.

Chini yake palikuwa na kadi. Nikaisoma mara mbili.

"Koti la nahodha wa meli za masafa marefu. Limevuka bahari tatu."

Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Maji aliyaogopa mno. Alikuwa akioga kwa kopo huku mkono mmoja umeshika kitasa cha mlango. Siku moja mapacha walimmwagia ndoo ya maji kwa mchezo, akahamia kwa mwanawe wa pili wiki nzima. Leo anavushwa bahari tatu bila kuulizwa.

Nikaingia. Duka lilikuwa na nguo kumi na mbili tu, nilizihesabu. Mahali pale Bi Chagua angetundika mia mbili na bado angeweka kigoda. Binti wa duka alikuwa nyuma ya meza, nywele zimevutwa nyuma mpaka nyusi zimepanda.

"Karibu, mama. Nikusaidie?"

"Natazama tu."

Nikafuata mafunzo. Nikashika blauzi moja, nikaikunjia pua. Nikashika mkoba, nikaunusa, nikaurudisha. Kisha nikaligusa pindo la koti kama mtu anayefukuza nzi.

"Na hili gunia?"

"Ah, mama una jicho. Hilo ni la nahodha."

"Nahodha gani?"

"Alikuwa akisafiri na meli za mizigo. Siku ya mwisho alilivua bandarini, akampa mwanamke mmoja, akamwambia amtunzie mpaka atakaporudi."

"Akarudi?"

"Hakurudi." Binti akateremsha macho. Nusura na mimi nilie, na ni mimi niliyelitoa kabatini.

"Nani amekusimulia haya?"

"Kila nguo hapa ina historia yake, mama."

"Naona. Bei yake?"

Akaitaja. Sitaiandika, gazeti hili linasomwa na watu wenye shinikizo la damu. Nikashika ukingo wa meza.

"Mnabadilishana?"

"Tunapokea, ila iwe nguo ya zamani yenye thamani."

Nikajigeuza kidogo, gauni la kijani lipate mwanga. "Kama hili?"

Akalitazama kwa huruma. "Hilo ni la juzijuzi tu, mama. Na hata hivyo koti limeshawekewa oda. Kuna mteja ameahidi kuleta kitu cha kubadilishana. Anakuja saa nane."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika arobaini.

Mnisamehe kwa linalofuata. Nilikuwa na dakika ishirini, mume wa kumkabili na mama mkwe wa kumzika au kunizika.

"Basi nijaribu tu," nikasema. "Kwa kujifurahisha. Mimi na mwili wangu huu tuonje unahodha."

Akasita. Nikamtolea lile tabasamu ninalowapa watoto kabla hawajaona sindano. Akalivua sanamu, akanielekeza kwenye chumba cha kujaribia nguo, kule nyuma, chenye pazia zito la rangi ya damu ya mzee.

Nikalivaa.

Nilitegemea harufu yake. Baba mkwe alikuwa akinukia chaki na kahawa, na hata baada ya miaka minne kabatini, ukifungua ule mfuko wa nailoni, chaki ilikuwa bado inakupokea. Sasa lilinukia maua. Walikuwa wamemfua mzee akatoka. Nikatia mkono mfukoni, hakuna hata ule uchafu wa kona unaokusanyika miaka. Nilisimama pale mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, sikuogopa kugundulika. Niliona aibu tu, aibu ya kawaida, ile isiyohitaji shahidi.

Ilidumu kama dakika moja. Halafu akili yangu ikarudi kwenye tabia zake.

Gauni la kijani ni pana. Nikawaza, kama koti likikaa ndani, gauni likaja juu, nikatembea polepole nikishika kiuno, nani ataniuliza? Nikavua vyote, nikavaa koti kwanza, nikalishusha gauni juu yake. Nikajitazama. Mimba ya miezi minane, imelalia ubavu mmoja, na mabega ya mbeba magunia.

Kisha nikakumbuka kifaa cha mlinzi. Vifungo sita vya shaba vingepiga kelele mpaka duka la miwani.

Nikavua. Nikavaa gauni tena, na koti juu yake kama mtu mwenye heshima zake. Nilikuwa bado nahangaika na mkono wa kushoto niliposikia mlango wa duka ukifunguliwa na sauti ikisema:

"Binti, yule wa kwenye kioo mmemvua?"

Ile sauti ilikuwa imeniuliza habari za pasi saa nne asubuhi.

"Kuna mama analijaribu, bibi," akajibu binti wa duka.

"Aha. Nitamsubiri."

Nikajibana ukutani, nikazuia pumzi. Nikasikia nyayo za polepole, na ncha ya mwavuli ikigonga sakafu. Zikafika kwenye pazia, zikasimama. Nikatazama chini. Pazia lilikuwa limeishia mkono mmoja juu ya sakafu, na miguu yangu yote miwili ilikuwa nje kama bidhaa.

"Viatu hivi," akasema mama mkwe taratibu, "nilivinunua mimi."

Pazia likafunguka, akaingia, akalifunga nyuma yake. Chumba kilikuwa cha mtu mmoja. Tulisimama pua kwa pua. Akanitazama, akalitazama koti, akatazama kiyoyozi kilichokuwa kikivuma juu ya vichwa vyetu.

"Dobi wako ana duka zuri," akasema. "Na pengo lake silioni."

"Mama, naomba nieleze."

"Punguza sauti. Mimi tangu Jumatatu nalijua."

"Jumatatu?"

"Nililiona pale kwenye kioo. Nikapita. Nikarudi. Nikamwomba yule binti anigeuzie bitana, nikaona kiraka changu cha manjano. Kile kitambaa ni cha pazia la jikoni kwetu."

"Kwa hiyo leo asubuhi, ulipopiga simu..."

"Nilitaka kusikia utasema nini." Akatikisa kichwa. "Uongo ulitoka mdomoni mwako bila kukwama hata mahali pamoja. Nikasema, mwanangu kapata mke hasa."

Sikujua kama nimetukanwa au nimebarikiwa. Nikaona nipige magoti, lakini nafasi haikuwepo. Nilipojaribu kuinama, kichwa changu kikagonga mwavuli wake.

"Simama," akasema. "Na mimi nikuulize. Unajua mzee alilipata wapi koti hili?"

Nililijua hilo kama kila mtu katika familia. "Aliletewa kutoka ng'ambo, kwa fundi maalumu, alipopandishwa kuwa mwalimu mkuu."

"Nani alimletea?"

"Wewe, mama. Kupitia rafiki yako aliyekuwa akisafiri."

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda cha kuwekea mikoba kilichokuwa pembeni. Kwa mara ya kwanza nikaona ana miaka sabini.

"Sikuwa na rafiki anayesafiri," akasema. "Nililitoa rundoni. Wakati ule mitumba ilikuwa inauzwa nyuma ya soko la mkaa, na mke wa mwalimu akionekana pale alikuwa anachekwa mtaa mzima. Nilijifunika shuka kichwani. Nilichimba rundo lile kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Nikalifua mara nne, nikatia kiraka, nikalifunga kwa karatasi, nikamwambia limetoka ng'ambo."

"Na akaamini?"

"Akaamini. Akalivaa kila Jumatatu miaka thelathini. Alikuwa akiwaambia walimu wenzake, mshono huu huwezi kuupata nchini. Mimi nikimwangalia. Nilitaka kumwambia kila mwaka. Kila mwaka nikamwona alivyosimama nalo mbele ya watoto wa shule, nikanyamaza." Akafuta pua kwa kitambaa. "Hakuna mtoto wangu hata mmoja anayejua. Wewe ndiye wa kwanza."

Nikamwangalia mama mkwe wangu, mwanamke ambaye kwa miaka tisa nilikuwa nikimficha mifuko ya mitumba chini ya kitanda akija kututembelea. Nikashindwa kujizuia.

"Mama, bado unaenda rundoni?"

Akajisugua goti. "Magoti siku hizi hayaruhusu. Nakuja huku kupigwa na kiyoyozi na kutazama. Kile kitanda cha pale chini, chenye mto mrefu, umewahi kukilalia?"

"Kila wiki."

"Mimi Alhamisi," akasema.

Tulicheka. Tulicheka tukijiziba midomo kwa mikono ya koti moja, yeye wa kulia, mimi wa kushoto, mpaka machozi yakatutoka. Halafu nikakumbuka saa.

"Mama, itakuwa saa nane sasa hivi. Ulisema utaleta nini cha kubadilishana?"

"Kubadilishana nini?"

"Oda. Si wewe uliyeweka oda?"

Akaacha kucheka. "Mimi sikuweka oda yoyote. Nimekuja kubembeleza."

Tukatazamana. Wakati huohuo mlango wa duka ukafunguliwa.

"Karibu, baba," tukamsikia binti wa duka akisema. "Umefika kwa wakati."

"Nimeahidi, lazima nifike."

Mama mkwe alinishika mkono akanibana mpaka kucha zikaingia. Hakuhitaji kuniambia. Sauti ile nalala nayo kitanda kimoja.

Nikapenyeza jicho kwenye ukingo wa pazia. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya meza, katika nguo zake za kazi, mikono ina grisi ya mafriji anayotengeneza. Alikuwa amebeba kifurushi kirefu, amekikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Akakiweka mezani. Akafuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, kabla hajafungua kamba.

Kilichotoka kilikuwa cheupe.

"Ni la harusi," akasema. "Limevaliwa siku moja."

Lilikuwa gauni langu. Nilikuwa nimelihifadhi ndani ya sanduku la bati, juu ya kabati, na ufunguo ulipofichwa nilidhani napajua mimi peke yangu.

Binti wa duka akalikunjua kwa adabu. "Lina historia, baba?"

Mume wangu akaligusa gauni kwa kidole kimoja. Si mtu wa maneno, hata mapacha walipozaliwa alisema "wawili" akaketi.

"Hizi lulu za kifuani," akasema mwishowe, "mke wangu alizishona kwa mkono wake. Siku kumi na moja. Nilikuwa napita kwao jioni namwona dirishani, kajiinamia, uzi mdomoni. Hakujua kama ninapita. Ndipo nilipoamua."

Kwa miaka tisa hakuwahi kuniambia hilo. Amekuja kulisema hapa, kwa mtu baki, akilitoa gauni lenyewe.

Nikataka kukasirika, nikakosa haki. Mwilini nilikuwa nimevaa ushahidi. Mama mkwe akaninong'oneza, "Kumbe na yeye anachomoa kabatini."

"Mkeo anajua?" akauliza binti.

"Hajui. Na ningeomba asijue kabla ya Jumamosi. Basi nipe koti, nirudi kazini."

"Subiri kidogo, baba. Kuna mama alikuwa analijaribu tu, anatoka sasa hivi." Nyayo zake zikaanza kuja upande wetu. "Mama? Mwenye koti amefika."

Nikaanza kufungua vifungo. Nikatazama juu, hakuna dirisha. Nikatazama chini, hakuna shimo. Mama mkwe akaniondoa mikono kwenye vifungo. Akavifunga vyote upya, kimoja kimoja mpaka cha juu kabisa, akaninyoosha kola kama mtoto anayepelekwa shule. Kisha akachukua mwavuli wake, akalivuta pazia mwenyewe.

Nilikuwa nimeshatayarisha maneno matatu ya kuanzia, na yote yalikuwa uongo.

Sikupata nafasi ya kuyatumia. Mume wangu alinitazama mara moja tu, kuanzia kola mpaka viatu, na wala hakushtuka kuniona. Kisha macho yake yakanivuka, yakaenda kwa mama yake. Uso ukamlegea kama wa mtu aliyetua mzigo kabla hajafika.

"Mama," akasema, "kumbe umeshamwambia?"

Nikadhani ni habari ya rundo nyuma ya soko la mkaa. Lakini hiyo, mama mkwe alikuwa ametoka kuniambia kwamba hakuna mtoto wake anayeijua. Nikamgeukia anisaidie kuelewa.

Mama mkwe alikuwa ameshafungua mwavuli wake, ndani ya duka, ghorofa ya pili, chini ya kiyoyozi, na amejificha nyuma yake. Basi wana siri ya pili, na wiki ijayo nitakueleza nikishaijua.